Umeanza kukimbia na mguu unauma? Sema kwanza panauma wapi (uzi wa wakimbiaji wapya)

Mwendo_Pole (mwenye uzi)

Wakuu salaam. Haupiti muda mrefu bila mtu kuingia humu na "nimeanza kukimbia, mguu unauma, msaada jamani" na kabla hajakaa vizuri keshapata majibu ya kila aina, badilisha raba, chua na dawa ya moto, kaza utazoea, achana na mbio zitakumaliza magoti. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza panauma wapi na panauma saa ngapi. Mguu kuanzia kifundo kushuka chini una mifupa 26, hapo hujahesabu kano na misuli, sasa kati ya wote hao anayelia ni nani?

Tuanze na kwanini wanaoumia sana ni wapya au wale waliorudi baada ya kukaa muda. Ukianza mbio, mwili hauendi wote kwa spidi moja. Pumzi inakuja haraka, wiki chache tu unaona huhemi tena kama mwanzo, misuli nayo inafuata. Kano na mifupa ndio wazito, wao wanataka miezi. Halafu mfupa una tabia yake, ukiupa mzigo mpya unaanza kwanza kwa kubomoa sehemu iliyochoka ndipo ujenge upya, na kubomoa ni haraka kuliko kujenga. Kwahiyo kuna kipindi hapo katikati mfupa unakuwa dhaifu kuliko siku ile unaanza, na kwa bahati mbaya ndio kipindi hichohicho pumzi imefunguka, unajisikia mwepesi, unaongeza kilomita, unaanza kushindana na jirani. Hapo ndipo watu wanapasuka.

Sasa twende mahali kwa mahali.

Kisigino kwa chini, kwa ndani kidogo. Hii ndio maarufu. Dalili yake haijifichi, asubuhi ukishuka kitandani hatua za kwanza unahisi umekanyaga msumari, ukitembeatembea inalegea, ukikaa kwenye kiti muda mrefu ukasimama inarudi upya. Mbioni inaweza kukuacha kabisa ukadhani imepona, kesho yake asubuhi inakusubiri palepale. Hapo kinacholalamika ni ule utando mgumu unaotoka kwenye mfupa wa kisigino unapita chini ya unyayo mpaka kwenye vidole.

Kisigino kwa nyuma, kwenye ile kano nene inayoshuka kutoka kwenye kigimbi. Asubuhi inakaza, ukiibana kwa vidole viwili inauma, muda mwingine imenenepa kuliko ya mguu wa pili. Inawapata sana watu walioongeza spidi au milima ghafla.

Chini ya vidole, pale unapokanyagia ukiinua kisigino. Mara nyingi ni kubanwa na kiatu chembamba mbele, au umeanza kukimbilia vidole kwasababu umeona video. Kama kuna ganzi au umeme unaopita kati ya kidole cha tatu na cha nne, ujue kuna neva inabanwa hapo, kiatu kipana mbele kinasaidia sana.

Kucha kuwa nyeusi: raba fupi. Acha upana wa kidole gumba cha mkono kati ya kidole chako kirefu cha mguu na mwisho wa kiatu, kamba zifunge vizuri mguu usiteleze mbele, basi, hiyo haihitaji uzi.

Halafu mfupa wenyewe, na hapa naomba msome taratibu. Kaa chini, vua soksi, chukua kidole kimoja, KIMOJA, bonyeza mfupa mmoja mmoja juu ya mguu kuanzia kwenye vidole ukipanda. Kama kuna sehemu ndogo ukigusa unaruka, na maumivu yako ni yale ambayo kadri unavyokimbia yanazidi badala ya kulegea, na yameanza kukufuata hata ukitembea tu au usiku ukiwa umelala, hiyo inaweza kuwa ufa kwenye mfupa. Acha kukimbia leo. Sio punguza, acha, na nenda ukaonwe. Mifupa ya pili na ya tatu hapo mbele ndio huwa inapata sana, na ikipumzishwa mapema kawaida inaunga ndani ya wiki 6 mpaka 8. Ukilazimisha, ufa unakuwa mvunjiko kamili, tunaanza kuongea habari za magongo.

Maswali karibuni, ila useme panauma wapi.

kigimbi_cha_chuma

Siti ya mbele kabisa. Mkuu mimi panauma juu ya mguu, katikati, usawa wa pale kamba zinapokaa. Nimebonyeza kama ulivyosema panauma lakini sio nukta moja, ni kama mstari hivi, na nikikunja vidole kuja juu ndio inauma zaidi. Nimeanza kuogopa ufa.

Mwendo_Pole

@kigimbi_cha_chuma mkuu kwa maelezo hayo nashuku kamba kabla sijashuku mfupa. Kuna kano zinapita hapo juu zinazovuta vidole, ukifunga kamba kwa hasira zinasuguliwa kila hatua. Angalia raba yako, yale matundu yaliyo juu ya sehemu inayouma usiyavushie kamba kwa kukatiza, pitisha kamba pembeni kwa pembeni halafu endelea kukatiza ukishapita hapo, panabaki dirisha ambalo halibani. Jaribu hivyo na upunguze mbio siku chache. Kama ni kamba utaona tofauti haraka. Ikiwa haibadiliki au panaanza kuvimba na maumivu yanajikusanya sehemu moja, rudi kwenye ile aya ya ufa wa mfupa.

MbioZaMadeni

Mimi nimekuja kusoma komenti tu, mbio zangu ni za kukwepa wanaonidai na miguu haijawahi kuuma 😂

Peku_Peku

Mnazunguka mbuyu. Ugonjwa ni viatu. Mguu umeumbwa kukanyaga chini, mmeufunga kwenye magodoro halafu mnashangaa unauma. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki pale Roma 1960 akiwa peku, na akaweka muda bora wa dunia, alivaa nini? Hakuvaa kitu. Tupeni hayo maraba.

Mwendo_Pole

@Peku_Peku chifu nakuheshimu ila malizia hadithi, 1964 kule Tokyo Bikila huyohuyo alivaa viatu akashinda tena na akakimbia haraka kuliko Roma, 2:12:11 dhidi ya 2:15:16. Sisemi viatu ndio vilimbeba, nasema viatu havikumuua.

Hoja yako ina ukweli ndani yake, mguu unaotumika unakuwa na nguvu, na mtu aliyekulia peku ana mguu tofauti na wangu. Shida ni mtu wa miaka 30 na kitu aliyevaa soli nene maisha yake yote, leo anasoma komenti yako kesho anatoka peku kilomita tano kwenye lami. Kuna watafiti waliwapiga picha za MRI wakimbiaji waliohamia kwenye viatu vyembamba vya kama peku kwa wiki 10, waliohama wengi zaidi walionyesha dalili za mfupa kuelemewa kuliko wenzao waliobaki na raba zao. Na walikuwa wanahama kwa utaratibu, sio kwa kutupa maraba. Mtu akitaka kwenda huko sawa, aanze kwa kutembea peku ndani, kisha dakika chache tu za mbio kwenye majani, ajipe miezi.

Peku_Peku

Miezi sawa. Sikusema kesho.

Mwendo_Pole

Umesema tupeni 😂 tuendelee.

fizio_wa_zamu

Uzi mzuri, niongeze ya kazini kwangu.

Watu wengi wenye kile kisigino cha asubuhi wanakuja na picha ya eksirei mkononi wameambiwa wana "mwiba" umeota kwenye mfupa, wanataka ukatwe. Jamani, huo mwiba wanao watu kibao ambao hawajawahi kuumwa kisigino hata siku moja. Kuuona kwenye picha sio ushahidi kwamba ndio unaouma. Na upande wa pili, ufa wa mfupa unaweza usionekane kabisa kwenye eksirei wiki mbili tatu za mwanzo, mtu anaambiwa "picha safi" anarudi kukimbia. Kama dalili ni zile alizosema mwenye uzi, picha safi isikupe kiburi, subiri urudiwe kupigwa au upigwe MRI.

Matibabu ya kisigino cha chini: watu wanapenda kukanyagia chupa ya maji ya baridi, sawa inatuliza, endelea nayo, lakini haijengi kitu. Kinachojenga ni mzigo. Kuna zoezi lilifanyiwa utafiti Denmark likachapishwa 2014, wakalilinganisha na kunyoosha unyayo tu, baada ya miezi 3 waliofanya zoezi walikuwa na nafuu zaidi (kufika mwaka mzima makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana, niseme ukweli wote). Unafanya hivi. Kunja taulo iwe roli, iweke kwenye ukingo wa ngazi, simama juu yake kwa mguu unaouma, vidole vikae juu ya roli vikunjike kuelekea juu, kisigino kining'inie nje. Shika ukuta. Panda taratibu ukihesabu sekunde 3, kaa juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Ukiona unadundadunda ujue unadanganya. Mara 12, raundi 3, leo unafanya kesho unapumzika. Ikishakuwa rahisi unavaa begi mgongoni unaweka vitabu, unaongeza vitabu na kupunguza idadi ya kupanda. Wakati unafanya utahisi maumivu kiasi, hilo halina shida ilimradi yanavumilika na kesho yake asubuhi kisigino hakijawa kibaya kuliko jana.

Na msitegemee wiki mbili. Wengi hupona lakini ni kitu cha miezi, wengine inakaribia mwaka.

mzigo_mzito

Doktari sindano je? Kuna jamaa yangu alichomwa kwenye kisigino akaamka siku ya pili anatembea fresh kabisa.

fizio_wa_zamu

Mimi sio daktari ni fizio mkuu. Sindano ya steroidi inatuliza kweli, ila nafuu yake mara nyingi ni ya muda, na kuna hatari ya ule utando kuja kukatika, hasa mtu akirudiarudia. Ni mazungumzo ya wewe na daktari wako baada ya njia nyingine kugoma, isiwe hatua ya kwanza. Jamaa yako mwambie asikimbie kwa furaha ya siku ya pili.

nyota_ya_lami

Na zile dawa za maumivu? Mimi nameza moja kabla ya kutoka, nikimeza naenda vizuri tu sisikii kitu.

fizio_wa_zamu

@nyota_ya_lami dada hapo umezima king'ora ukaendelea kulala. Maumivu ndio kipimo pekee ulichonacho cha kujua mzigo umezidi. Halafu dawa za kundi la ibuprofeni ukizimeza halafu ukakimbia umetoka jasho, maji yamepungua mwilini, figo na tumbo vinaumia kimyakimya. Kama huwezi kutoka bila kumeza, siku hiyo usikimbie.

mzigo_mzito

Mimi sasa, swali langu. Nina uzito mkubwa, daktari kaniambia nipunguze, nimeanza kukimbia, visigino vyote viwili vinawaka. Nikiacha uzito haupungui, nikiendelea siwezi kutembea. Nifanyeje na msiniambie niogelee.

Mwendo_Pole

@mzigo_mzito hahaha sawa hatukuambii uogelee, ingawa baiskeli ningekuambia. Sikiliza kaka, nani alikudanganya kwamba kukimbia ni lazima ukimbie mfululizo? Ile programu maarufu ya kutoka kwenye kochi mpaka kilomita 5, aliyoitunga Josh Clark mwaka 1996, wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60 unatembea sekunde 90, unabadilishana hivyo dakika 20, mara tatu kwa wiki. Sekunde 60! Na kwa mtu mwenye kilo zake wiki moja ya programu inaweza kurudiwa mara tatu au nne, hakuna refa. Kwa sasa visigino vinawaka kwahiyo anza na kutembea kwa haraka mpaka asubuhi iwe nyepesi, fanya zoezi la taulo la fizio kwa miguu yote, tena anza ukiwa umesimama miguu miwili kama mmoja unakushinda. Uzito unapungua hata kwa kutembea, mguu hauna haraka na wewe.

Hatua fupi pia. Watu wapya wengi wanarusha mguu mbele mbali, wanatua na kisigino kimetangulia mwili wote ukiwa nyuma. Fupisha hatua kidogo, ziwe nyingi zaidi kwa dakika, kama asilimia 5 tu inatosha, usibadilishe kwa nguvu.

bi_mkubwa_56

Wanangu hamjambo. Nawafuatilia kimya kimya. Mimi nina sukari, nimeanza kujogi polepole na wenzangu asubuhi. Miguu haiumi ila naona nyayo zina ganzi na juzi nimevua kiatu nikakuta lengelenge limepasuka na sikusikia chochote. Hilo nalo ni la mazoezi?

fizio_wa_zamu

Shikamoo mama. Hapana mama, hilo usilihesabu kwenye mambo ya mazoezi. Ganzi kwa mtu mwenye sukari maana yake neva za miguu zinaweza kuwa zimeanza kuathirika, na mguu usiosikia maumivu ndio unaohitaji ulinzi kuliko huo unaouma. Naomba usimamishe mbio kwanza, nenda kliniki wakaangalie hicho kidonda na wapime nyayo, usisubiri tarehe yako ya kawaida. Kila jioni kagua nyayo na katikati ya vidole, kama kuinama ni shida tumia kioo au mwombe mtu wa nyumbani. Kabla ya kuvaa kiatu ingiza mkono ndani upapase, kakokoto kadogo tu kanaweza kuleta kidonda bila wewe kujua. Soksi zisizo na mshono mkubwa. Ukishaonwa, watakuambia mazoezi gani yanakufaa.

bi_mkubwa_56

Marahaba mwanangu. Kesho naenda.

Mwendo_Pole

Asante fizio, na mama pole sana, ukirudi tupe mrejesho.

kigimbi_cha_chuma

Mrejesho: nimefungua dirisha la kamba, mbio mbili fupi, pametulia. Siamini nilitaka kununua raba mpya kwa ajili ya kamba.

Teke_Teke

Mwanangu wa miaka 11 anacheza mpira na kukimbia shule, analia kisigino kwa nyuma, hasa baada ya mechi. Nimpe hilo zoezi la taulo?

fizio_wa_zamu

Mtoto usimpe programu ya mtu mzima mkuu. Kati ya miaka 8 na 14 hivi mfupa wa kisigino bado una sehemu laini inayokua, kano ikivuta sana inachokoza hapo. Ni kawaida, haiharibu mguu, inaisha mfupa ukishakomaa. Punguza mechi na mbio kipindi inauma, weka kisoli cha kuinua kisigino ndani ya kiatu, barafu baada ya mchezo. Anachechemea hata akiwa hachezi, pamevimba au ana homa, mpeleke hospitali.

nyota_ya_lami

Nimesoma ya king'ora nimeelewa, nimeacha vidonge. Sasa nitajuaje nimeruhusiwa kurudi? Yangu ni ile kano ya nyuma ya kisigino, fizio wa huku kaniambia sio mfupa.

Mwendo_Pole

@nyota_ya_lami kipimo ninachowapa watu: tembea haraka dakika 30, kama hujachechemea na asubuhi inayofuata haijakaza zaidi ya jana yake, anza kukimbia na kutembea kwa kubadilishana. Jipe maksi za maumivu 0 mpaka 10 wakati unakimbia, mpaka 3 endelea, ikipanda kuliko hapo tembea urudi. Siku ya kesho yake usikimbie, angalia kano imesemaje. Usiongeze spidi na umbali wiki moja, chagua kimoja, na milima iwe ya mwisho kabisa.

Na endelea kupanda na kushuka kwa kigimbi hata maumivu yakiisha. Ila kama panapouma ni pale chini kabisa kano inapogusana na mfupa, fanyia sakafuni, usishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi, ukishusha unakibana palepale panapouma.

nyota_ya_lami

Ni pale chini kabisa. Na nilikuwa nashusha kwenye ngazi kila siku 😭 sawa nahamia sakafuni.

MbioZaMadeni

Swali la kweli sasa, maana nimesoma mpaka mwisho. Raba inazeeka lini? Yangu juu nzuri kabisa haina hata mkwaruzo.

Mwendo_Pole

Juu usipaangalie. Wengi wanakadiria kilomita 500 mpaka 800 kutegemea uzito wako na unapokimbilia. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma, ikiwa imelala upande au ukibonyeza soli ya kati kwa kidole gumba haina mnepo na ina makunyanzi pembeni, imekwisha. Mpya usiianzie siku ya mbio ndefu, ivae siku fupi fupi ukipokezana na ya zamani.

MbioZaMadeni

Imelala upande. Wanaonidai wasisome hapa.